Mwano Usiofika Nyumba Zote

Leo nataka kukuambia habari ya jambo moja ambalo sisi sote twalitaja kila siku, lakini wachache tu ndio walijuao. Jambo hilo ni intaneti, ambayo wengi wetu huiita mtandao. Asubuhi husemwa, "Mtandao unasumbua." Jioni husemwa, "Mtandao umerudi." Utadhani twazungumza habari za mvua. Nami nilisema vivyo hivyo kwa miaka mingi, mpaka ujinga wangu ulipompotezea binti wa dada yangu mwaka mzima wa masomo. Nitakueleza habari hiyo, maana sipendi mwingine atumbukie shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nami nakaa Shinyanga mjini. Dada yangu amekaa miaka kumi na mitano katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akipika chakula na kuwauzia wachimbaji wadogo. Mimi nina simu ya kupangusa; yeye ana kitochi. Tofauti hiyo niliiona ndogo, kama tofauti ya mwenye viatu vya ngozi na mwenye kandambili. Wote wawili si wanatembea? Kumbe sivyo.

MWANO WA USIKU

Kwanza yafaa tujue intaneti ni kitu gani. Kama umezaliwa Usukumani, au umekaa kwetu hata mwaka mmoja, mwano waujua. Tangu zamani, na hasa tangu sungusungu walipoanza upande wa Kahama mapema katika miaka ya 1980, ng'ombe wakiibwa usiku mwenye boma hupiga yowe. Jirani akilisikia haulizi maswali. Hutoka nje naye akapiga lake. Wa tatu husikia kwa wa pili, wa nne kwa wa tatu, na kabla jogoo hajawika habari imefika kijiji cha mbali, ambako mwenye ng'ombe hamjui hata mtu mmoja. Litazame vizuri jambo hilo. Hakuna aliyeiona njia nzima ya mwano. Kila mmoja alimjua jirani yake tu, akampa habari, basi.

Intaneti hufanya kazi namna hiyo. Ni kompyuta nyingi mno, zilizotawanyika duniani kote, ambazo wenyewe wamekubaliana zipokeane habari. Ukituma picha kutoka Shinyanga kwenda kwa ndugu yako aliyeko London, simu yako haijui London iko wapi. Huikabidhi habari kwa kompyuta ya kampuni ya simu, pamoja na anwani ya huko iendako, nayo anwani hiyo ni tarakimu tupu. Kompyuta ile hutazama anwani, kisha huipa nyingine iliyo upande wa njia hiyo, nayo huipa nyingine, mpaka ifike.

Liko jambo jingine la ajabu. Picha yako haiendi nzima. Hukatwa vipande vidogo vidogo. Picha moja ya kawaida huweza kuwa vipande zaidi ya elfu. Fikiri umeandika barua ya kurasa kumi, ukatia kila ukurasa katika bahasha yake, ukaandika anwani na namba ya ukurasa juu yake. Kisha bahasha moja ukampa msafiri wa treni apitaye Tabora, na nyingine msafiri wa basi apitaye Singida. Huko Dar es Salaam ndugu yako huzipokea, huzipanga kwa namba, na akiona ukurasa wa saba haupo, huomba ukurasa wa saba tu, si barua nzima. Hivyo ndivyo picha yako isafirivyo. Njia moja ikiziba, vipande hupita njia nyingine, kama ipo. Maneno hayo ya mwisho uyakumbuke, msomaji: kama ipo.

Jambo hili halikuanza jana. Tarehe 29 Oktoba 1969, huko California katika nchi ya Marekani, kompyuta ya chuo kikuu kimoja mjini Los Angeles ilijaribu kwa mara ya kwanza kupeleka neno kwa kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mwendo wa kilometa zaidi ya 500. Neno lenyewe lilikuwa LOGIN. Zilifika herufi mbili tu, L na O, kisha mtambo ukazimika. Basi usikasirike sana uambiwapo kuwa mtandao unasumbua. Ulianza kusumbua tangu siku ya kuzaliwa.

Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta zilizounganishwa zilianza kufuata kanuni moja ya kupelekeana habari, nayo ndiyo ifuatwayo hata leo. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi Geneva, alibuni namna ya kuunganisha kurasa ili msomaji aweze kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kugusa neno. Mwaka 1993 taasisi aliyoifanyia kazi iliutoa ubunifu huo kwa watu wote bila malipo. Kanuni basi ni bure, yeyote aweza kuzitumia. Lakini njia ya kupitia si bure, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

NJIA IKO ARDHINI NA BAHARINI

Watu wengi hudhani kuwa, kwa sababu simu haina waya, basi kila kitu hupita hewani. Hata mimi nilidhani hivyo. Kweli, habari hupita hewani kutoka simu yako mpaka mnara. Kutoka hapo huweza kurushwa mnara kwa mnara, mradi minara ionane bila mlima kuikinga. Lakini ikifika njia kuu hushuka ardhini, ikaingia katika nyuzi za kioo, kila moja nyembamba kama unywele. Ndani ya nyuzi hizo habari huenda kwa mimweko ya mwanga, kilometa 200,000 kwa sekunde moja. Kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam ni yapata kilometa elfu moja. Mwanga huo huzimaliza kabla hujafumba jicho.

Njia kuu ya hapa kwetu ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao serikali ilianza kuujenga mwaka 2009. Hupita katika mikoa yetu na kuunganisha hata majirani kama Rwanda, Burundi na Zambia. Ukifika pwani, habari huingia katika mikongo ilazwayo chini ya bahari. Wa kwanza, uitwao SEACOM, ulianza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Wa pili, EASSy, ukafuata mwaka 2010.

Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Setilaiti za namna ile hukaa juu yapata kilometa 36,000. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na nusu sekunde hupotea hewani. Tena nafasi ilikuwa ndogo na bei kubwa. Mtu wa Geita ataelewa upesi. Kwa miaka mingi aliyekwenda Mwanza alisimama Busisi akingoja pantoni, na pantoni ikijaa alingoja nyingine. Mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, urefu wake yapata kilometa tatu, nasi sasa twavuka bila kungoja. Setilaiti zile zilikuwa pantoni. Mikongo ya bahari ni daraja.

Lakini daraja humsaidia yule afikaye ukingoni. Hata zamani ilikuwa hivyo. Waya wa kwanza wa simu za maandishi ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea kusini mpaka Durban. Ulifuata biashara na serikali za wakubwa. Mkulima wa mtama wa Kishapu hakuwamo katika hesabu ile. Njia ya habari hujengwa na watu, hulipiwa na watu, nayo huishia pale watu hao walipoamua iishie.

Nikuambie na jambo moja la kutafakari. Karibu kila simu ina chembe ya dhahabu ndani yake, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri katika viungo vidogo. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu hushuka katika maduara kila siku kuitafuta. Basi huenda chembe iliyochimbwa kwetu imo katika simu ya mtu wa ng'ambo asiyejua mtandao hukatikaje, hali yule aliyeichimba hupanda juu ya kichuguu akiinua mkono atafute msitari mmoja wa mtandao.

SIKU MIKONGO ILIPOKATIKA

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, mikongo ile miwili, SEACOM na EASSy, iliharibika kwa wakati mmoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nyingi za Afrika Mashariki ziliumia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mimi sikujua. Nilidhani simu yangu imeugua. Jumatatu niliipeleka kwa fundi, naye akaifungua, akaipuliza, akaisugua kwa brashi, akaifunga, nami nikamlipa. Haikupona. Jioni redio ilituambia kuwa ugonjwa uko baharini.

Hapo ndipo utaona maana ya yale maneno, kama ipo. Nchi tajiri huwa na mikongo mingi; mmoja ukikatika, habari hupita mingine, na watu hawajui hata kama kuna kilichotokea. Sisi njia zetu ni chache. Nyumba zipigazo mwano zikiwa tatu tu, na mbili zikilala, wezi hufika mbali.

Siku zile wakubwa kwa wadogo tulilalamika. Wa benki, wa maduka, wa ofisi, sote tulikunja uso. Tena mwishoni mwa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na malalamiko yakawa yale yale. Lakini nilipompigia dada yangu simu mwezi ule wa Mei na kumweleza taabu yetu ya mjini, alicheka, akaniambia, "Kaka, wewe umekosa siku mbili. Sisi huku ndiyo maisha yetu." Maneno yale yalipita sikioni mwangu kama upepo. Laiti ningeyashika.

WALIO NJE NI NANI?

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2025 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa wakitumia intaneti. Katika nchi tajiri, zaidi ya watu 90 katika kila mia huitumia. Katika nchi maskini kabisa hawafiki 30. Wa mijini ni wengi kuliko wa vijijini, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Kwetu nako tusidanganywe na hesabu. Mwishoni mwa mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilihesabu laini zaidi ya milioni 40 zilizotumia intaneti. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni hesabu ya laini, si ya vichwa. Mimi peke yangu nina laini mbili. Dada yangu ana laini moja, nayo hutumia kupiga simu na kutuma fedha. Kutuma fedha kwa kubonyeza nyota na tarakimu si intaneti; hupita katika njia ya simu ya kawaida, na ndiyo maana kitochi huweza. Watu wengi huona fedha zikienda wakadhani wamekwisha kuingia mtandaoni.

Kwa nini basi wako nje? Sababu ya kwanza ni mnara. Mnara wataka umeme, au mafuta, au mitambo ya jua; wataka mlinzi na fundi. Kampuni huhesabu kwanza watu wangapi watanunua bando, kisha hujenga. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili kusaidia kupeleka minara mahali ambapo faida ni ndogo, na mwezi Mei 2023 ilitiwa sahihi mikataba ya kujenga minara 758. Hilo ni jambo jema. Lakini machimbo hayangoji mikataba. Dhahabu ikionekana mahali leo, wiki ijayo pana mahema, vilabu na karasha za kusaga mawe, na watu elfu kadhaa wanategemea mnara mmoja ulio ng'ambo ya mlima. Mnara ni kama kisima: wakiteka wachache maji yatosha, wakiteka wengi mno kila mmoja hupata kikombe.

Sababu ya pili ni fedha. Mwenye mshahara hununua bando la mwezi. Mwenye riziki ya siku hununua la siku, na kwa kipimo kile kile yeye hulipa zaidi, kama vile anunuaye sukari kwa vipakiti alipavyo zaidi ya anunuaye kwa gunia. Na simu yenyewe ya kupangusa ni bei ya mbuzi kadhaa. Ndani ya nyumba ikiwepo moja, hukaa katika mfuko wa baba, mama huiazima.

Sababu ya tatu ni lugha. Mengi yaliyomo mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyesoma mpaka darasa la saba hufika mlangoni, akakuta kibao asichoweza kukisoma.

Labda utasema, "Mzee, kwani hasara iko wapi? Mtandao si picha na mizaha?" Hilo ndilo nililosema mimi. Tazama sasa. Tangu Machi 2019 pale Geita mjini pana soko la dhahabu, na bei elekezi ya madini hutangazwa. Mwezi Oktoba 2025 aunsi moja ya dhahabu, yaani gramu 31 na kidogo, ilipita dola 4,000 katika soko la dunia. Mchimbaji mwenye mtandao huijua bei ya leo kabla hajamwona mnunuzi. Asiye nao huuza kwa bei ya kusikia. Vivyo hivyo matokeo ya mitihani, maombi ya kazi, vyuo, mikopo ya masomo, vyote vimehamia huko. Mlango wa zamani ulikuwa ofisini. Mlango mpya uko mtandaoni, na ule wa zamani mara nyingi umekwisha kufungwa.

BINTI WA DADA YANGU

Mwezi Julai 2024 simu yangu ililia. Alikuwa binti wa dada yangu, yule wa machimboni, kwa kitochi cha mama yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mjomba, matokeo ya kidato cha sita yametoka, nimefaulu. Sasa nataka kuomba mkopo wa masomo, na maombi ni kwa mtandao tu. Huku hakuna mtandao wa maana. Naomba nije kwako nijaze huko."

Nilifurahi mno. Lakini nyumba yangu ilikuwa na wageni, na pamba yangu ya Kishapu ilikuwa haijalipwa. Nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye mambo, "Mwanangu, kwa nini uharibu nauli? Intaneti haina foleni. Nikilipwa pamba nitakuja mwenyewe na simu yangu, tutajaza siku moja tu. Muda bado upo."

Akasema, "Haya, mjomba." Mtoto aliyelelewa vizuri habishani na mjomba wake. Laiti siku ile angebishana.

Fedha za pamba zilichelewa. Nilipovuka Busisi kwa pantoni na kufika machimboni, zilikuwa zimebaki siku nne maombi yafungwe. Nikatoa simu yangu mbele ya watu kama mganga atoaye kibuyu. Haikuonyesha kitu. Binti akaniambia kwa upole, "Mjomba, hapa mtandao hupatikana juu ya jabali, baada ya saa sita usiku, watu wakilala."

Basi usiku ule, mimi mzee wa miaka 66, nilipanda jabali kwa tochi na fimbo. Juu nilikuta watu wapata kumi wameketi kimya, kila mmoja uso wake umeangazwa na simu yake. Mmoja alikuwa akisoma barua ya mkewe. Mwingine alitafuta bei ya dhahabu. Kijana mmoja, baada ya kutushikia tochi kwa muda mrefu, alituomba tumsaidie kusoma tangazo la kazi, na siku yake ya mwisho ilikwisha kupita.

Tulianza kujaza. Hapo nikajifunza kuwa cheti cha kuzaliwa hakitumwi hivi hivi. Sharti kwanza kihakikiwe, tena kwa mtandao, na uhakiki huchukua siku kadhaa. Cheti cha kifo cha baba yake nacho vivyo hivyo. Picha za vyeti zilikwenda mpaka katikati zikakwama. Tulirudia mara tano. Alfajiri chaji iliisha.

Kesho yake tulipanda bodaboda mpaka mjini, tukaingia katika duka moja la steshenari. Foleni ilikuwa mpaka nje: vijana wa machimboni, wa visiwani, wa vijiji vya ndani, wote wenye bahasha za kaki. Zamu yetu ilifika jioni, na vyeti vikatumwa vihakikiwe. Tukangoja. Majibu ya uhakiki yalikuja siku moja baada ya mlango kufungwa.

Sikuweza kumlaumu mtu. Tangazo lilitolewa mapema, na mlango ulikuwa wazi kwa wiki nyingi. Watoto wa mjini, ambao hawakumshinda binti yule darasani, waliingia wakiwa wameketi vitandani mwao. Yeye alikuwa na kila kitu ila njia ya kupita. Na njia hiyo ilikuwa nyumbani kwangu, mezani pangu, na mimi ndiye niliyemwambia angoje.

Hakulia. Alizikunja karatasi zake, akazirudisha katika bahasha, akaniambia, "Basi mjomba, leo tulale mapema. Mama huamka saa kumi kupika." Mwaka ule mzima aliwauzia watu wali na maharage karibu na mwalo, mahali wanapoosha dhahabu kwa zebaki. Kila nilipomkumbuka, chakula changu kilipoteza ladha.

TUFANYE NINI?

Mwaka 2025 hakuningoja. Vyeti vyake vilikuwa vimehakikiwa tangu Januari. Maombi yalipofunguliwa alikuja Shinyanga, naye hakuja peke yake; alileta bahasha za wenzake watatu wa machimboni, ambao aliwaandikia majibu yote katika daftari kabla ya safari. Wote wanne tuliwajazia mezani pangu kwa siku mbili. Leo yeye yuko mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Mwaka uliopotea haukurudi, lakini mtu mwenyewe hakupotea, nami nashukuru.

Msomaji mpenzi, mimi na wewe hatuwezi kulaza mkongo baharini. Lakini yako tuwezayo. Wewe mwenye simu ya kupangusa, mwulize jirani yako mwenye mtoto wa kidato cha nne au cha sita, umwulize leo, si mwezi ujao: vyeti viko tayari? Wewe uliye mjini, mtoto wa ndugu akiomba kuja kujaza fomu, usimhesabie sahani ya ugali. Enyi viongozi wa vijiji na kata zisizo na mnara, pelekeni maombi kwa maandishi, na mfuatilie, maana mfuko wa kusaidia mahali kama hapo upo kisheria. Nanyi mlio ofisini, mnapofungua mlango mpya wa mtandao, uacheni ule wa zamani wazi kidogo, hata kwa karatasi, hata kwa siku chache za nyongeza kwa walio mbali. Mtu aliyepanda jabali usiku hakukosa bidii.

Mwano wa babu zetu haukuwa na mkongo wala setilaiti, lakini ulikuwa na sharti moja: usikiapo, nawe piga, ili wa mbele yako asikie. Aliyesikia akanyamaza, kesho yake aliitwa mbele ya wazee ajieleze. Mimi nilisikia, nikanyamaza kwa ajili ya pamba na wageni. Leo nimejieleza mbele yako.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, mpe jirani asiye na simu.